Vumbi Mkiani, Vumbi Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimelowa chepechepe. Nilikuwa nimeshuka treni Southall, nikasubiri basi chini ya mwavuli uliopinduliwa na upepo, na nilipoingia kwenye lile banda kubwa la bati, katikati ya maghala, Mkuu wa Mafunzo alinitazama maji yakinichuruzika mpaka viatuni.

"Wewe ndiye mtaalamu wa vumbi?" akauliza.

"Ndimi."

"Umewahi kurusha helikopta?"

"Hapana."

"Umewahi kupanda?"

"Hapana."

"Umewahi kuiona?"

"Kwa mbali."

Alikuwa Mskoti mrefu, rubani mstaafu wa jeshi la majini, mtu aliyezungumza kama anayelipia kila neno. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Vizuri," akasema. "Waliowahi kurusha wananisumbua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kutengeneza vumbi katika mji usio na vumbi. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimestaafu sasa, mapema kuliko nywele zangu, ambazo bado hazijakubaliana kama zinataka kuwa nyeupe au kuondoka kabisa. Vijana wetu hapa London wananiuliza nilikuwa nafanya nini huko magharibi mwa jiji kila siku, nami huwajibu kwamba nilikuwa nawapofusha marubani kwa mshahara. Wakicheka, nawaambia wakae chini, maana ni kweli.

Nianze na vumbi lenyewe. Helikopta hukaa hewani kwa kusukuma upepo chini kwa panga zake. Ikikaribia ardhi kavu, upepo ule hugonga udongo, hutawanyika pande zote, hujikunja juu na kurudi tena kwenye panga. Udongo ukiwa laini kama unga wa muhogo, rubani aliyekuwa akiona kilomita kumi sasa haoni hata vidole vyake vya miguu. Hilo peke yake lingevumilika. Ubaya ni kwamba vumbi linakwenda. Linapita mbele ya kioo likielekea mbele, na ubongo, ambao ni mshauri mwenye kujiamini kuliko anavyostahili, unamwambia rubani: wewe unarudi nyuma. Rubani anasukuma mbele kurekebisha kosa ambalo halipo. Au anadhani anateleza kushoto, anaegemea kulia, gurudumu moja linagusa ardhi kabla ya jingine, na helikopta inalala ubavu kama ng'ombe. Watu wamekufa hivyo mita mbili tu kutoka ardhini, injini zikiwa nzima, hali ya hewa nzuri.

Shule yetu iliwafundisha marubani kutua katika hali hiyo bila kumwua mtu. Walifanyia mazoezi ndani ya mashine ya kuigiza urukaji, chumba cha chuma kilichosimama juu ya miguu sita ya haidroliki iliyokiinamisha kila upande, chenye viti na vyombo vyote vya helikopta na picha ya dunia kwenye vioo na nje ya mlango wa ubavuni. Tuliiita Sanduku. Walikuwa na kila kitu isipokuwa vumbi la kuaminika, ndiyo maana wakamwajiri mtu aliyesomea udongo chuo kikuu. Nilisomea udongo kwa sababu nimezaliwa Kondoa, wilaya ambayo mmomonyoko wake ulikuwa mkubwa hata wageni wakaja kuupiga picha. Wenzangu walirithi mashamba. Mimi nilirithi makorongo.

Wiki ya kwanza niliketishwa ndani ya Sanduku nione vumbi lao. Picha ilikuwa safi, safi, safi, halafu ghafla yote ikawa rangi ya chai ya maziwa.

"Hili si vumbi," nikamwambia Mkuu wa Mafunzo. "Hili ni pazia."

"Tofauti yake?"

Nikamweleza kwamba mama yangu hakufagia uwanja kabla ya kunyunyiza maji kwa kiganja, na siku akisahau, vumbi halikumwangukia usoni mara moja. Lilianza nyuma ya kisigino, likapanda kiunoni, likampita begani, ndipo likamfika machoni. Helikopta inayosonga mbele ni hivyo hivyo. Vumbi linaanzia mkiani na kuifukuza. Rubani akiendelea kushuka bila kusita, atagusa ardhi kabla halijamfika. Akisimama hewani kutafakari, limemmeza.

Mskoti akaandika tena kwenye karatasi yake. Kisha akasema, "Mwite Mhandisi Mkuu."

Mhandisi Mkuu alikuwa Singasinga wa Southall, mzaliwa wa Nakuru, kilemba cha buluu na kalamu nne mfukoni. Nilitarajia Kiingereza.

"Sasa wewe ndio daktari ya udongo?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Unataka vumbi itoke nyuma, ipande pole pole, halafu ifike kwa dirisha? Unajua kompyuta yangu italia, bwana?"

"Itafutwa machozi, Mzee."

"Mzee ni baba yako," akasema. "Leta hiyo michoro."

Tulifanya kazi miezi minane. Niliagiza udongo kwenye chupa kutoka nchi kavu za dunia, nikaumwaga mbele ya feni na kupima ulivyopanda na ulivyochukua muda kutua. Chumba changu kilikuwa mahali pekee magharibi mwa London ambapo mfagiaji alikataa kuingia. Mwishowe tukapata vumbi sita tofauti, na siku Mkuu wa Mafunzo alipojaribu lile la sita, la ziwa lililokauka, alilaza Sanduku ubavu mara tatu mfululizo. Akatoka ameloa jasho, akanipa mkono. Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake kwa mwaka ule, nami niliitunza kama mjukuu.

Baada ya maabara ya udongo nilihamishiwa meza ya mwalimu, nyuma ya Sanduku, ambako mtu hubonyeza vitufe vya upepo na giza na kuwatia watu wazima taabuni. Na baada ya miaka kadhaa nikafanywa mtahini: mtu anayetia sahihi kwamba wafanyakazi fulani wa helikopta wanaweza kutua vumbini. Nasema wafanyakazi, si rubani, maana hapa ndipo palipo kiini cha kazi yote. Mita za mwisho rubani anaweza asione kitu. Macho yake ni mtu wa mlangoni, anayelala kifudifudi kichwa kikiwa nje, amefungwa mkanda, akitazama chini na nyuma. Kabla ya kushuka wote wawili huchagua alama moja isiyopeperuka, mti au jiwe. Kisha mtu wa mlangoni huimba. Vumbi mkiani. Vumbi mlangoni. Vumbi kwako. Akiwa bado anaiona alama husema: mti nauona, tua. Akiipoteza husema neno moja tu, na rubani huongeza nguvu na kupanda moja kwa moja bila kuuliza swali.

Kwa vikundi vilivyozungumza Kiswahili niliambiwa nitafsiri maneno hayo. Lile la mwisho lilitakiwa liwe fupi, lisikike katika kelele. Nikachagua "Toka!" Nilijipongeza kwa siku mbili. Haikunijia akilini kwamba nimechagua neno ambalo nyumbani tunamwambia mbwa aliyeingia jikoni.

Akaja Kapteni Kasanga.

Alitoka Tabora, Mnyamwezi wa miaka hamsini na minane, mwenye saa nyingi angani kuliko wanafunzi wetu wote wa mwaka ule. Shirika la misaada lilikuwa limemwajiri kupeleka madaktari na dawa kwenye wilaya zilizopigwa na ukame. Helikopta ilikuwa tayari, madaktari walikuwa tayari, kilichobaki ni cheti chetu, na safari ya kwanza ilikuwa siku kumi mbele. Mtu wake wa mlangoni alikuwa Sefu, Mzaramo wa Kisarawe, miaka thelathini hivi, mwenye macho makali kama ya kuku aliyeona mchwa.

Siku ya kwanza nilimweleza Kapteni kwamba wengine huomba uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kutua.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "nitawaambia watu wenye kiu wamwage maji ili mimi nitue?"

Nikaona haya. Sikulitaja tena.

Wakaingia Sandukuni. Nikawapa vumbi la sita. Kapteni akashuka vizuri, mkono mtulivu, kisha kwa mazoea ya miaka mingi akasita hewani kidogo apaangalie mahali. Vumbi likaja. Kwenye spika nikamsikia Sefu:

"Vumbi mkiani, Mzee... Vumbi mlangoni, Mzee... Samahani, Kapteni, naona kama vumbi limeshafika kwako..."

"Mti?" akauliza Kapteni.

"Mti, Mzee, kwa kweli, nilikuwa nauona, ila sasa sina hakika kama..."

Sanduku likalala ubavu. Taa nyekundu zikawaka.

Tulirudia mara tano siku ile. Mara tano Sefu aliupoteza mti, mara tano alitafuta njia ya adabu ya kusema hivyo, na mara tano wakafa wote, pamoja na madaktari wanne wa kufikirika. Kwenye chai nikamwita kando.

"Sefu, kwa nini husemi neno?"

"Nimwambie yule mzee 'toka'?" Alinitazama kama niliyemwomba ampige kofi mkwewe. "Kaka, yule ananizidi kwa kila kitu. Alikuwa angani mimi nikiwa nanyonya."

Basi nikabadilisha neno. Kesho yake lilikuwa "Panda!" Nikasikiliza kwenye spika.

"Panda kidogo, Mzee, kama utaona inafaa."

Taa nyekundu.

Ijumaa ilinibidi niandike ripoti. Niliketi mbele ya karatasi muda mrefu. Yule mzee alikuwa ameniletea asali ya Tabora, chupa nzima ndani ya soksi. Alikuwa ameniambia kwamba hii ndiyo kazi yake ya mwisho na kwamba angependa kuimaliza akibeba dawa badala ya mabosi. Nikaandika: wanahitaji mazoezi kidogo zaidi, wamekaribia kiwango. Mkuu wa Mafunzo akaisoma akiwa amesimama.

"Wamefaulu au hawajafaulu?"

"Wamekaribia."

"Ukiwa ndani ya vumbi," akasema, "kuna kukaribia?"

Nikanyoosha mkono niichukue ripoti yangu; hakuiachia.

"Nimekusikiliza wiki nzima ukimcheka yule kijana kwa upole wake," akaendelea. "Huyu aliyeandika hii ni nani?" Akaweka karatasi mezani. "Jumatatu ni mtihani wa mwisho. Ukitia sahihi yako, mimi sitaiongezea yangu. Itakuwa yako peke yako."

Nikarudi nyumbani Thornton Heath, kusini mwa London, nimeegemea dirisha la treni, msomi mwenye shahada mbili aliyekuwa na ugonjwa uleule wa Sefu, ila wake ulikuwa na udhuru wa ujana.

Jumapili nikawaalika wote wawili chakula cha mchana. Tulikuwa tumepanga hivyo kabla mambo hayajaharibika, na kumfutia mgeni chakula ni jambo ambalo mke wangu asingelisikiliza. Akapika ugali, mlenda, na kuku wa kienyeji aliyetafutwa madukani kwa siku tatu. Binti yetu Zuhura, miaka kumi na tatu wakati huo, aliamkia kwa Kiswahili na mengine yote akayasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Tukanawa. Kapteni, kwa ukubwa wake, akawekewa paja.

Hajalifikisha mdomoni, mkono wa Sefu ukapita mbele yangu ukalinyakua.

"Wewe, mtumwa wangu," Sefu akamwambia Kapteni, "tangu lini Mnyamwezi akala paja mbele ya Mzaramo? Babu zako walibeba mizigo yetu mpaka pwani, na wewe utabeba shingo. Kula shingo!"

Nilikaribia kupaliwa na mlenda. Mke wangu akaacha kijiko hewani. Kapteni Kasanga alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Mwizi huyu!" akasema. "Nyie mlikaa pwani mkila nazi na kulala. Tungewaachia ile mizigo, mngeilalia."

"Nyamaza. Na soda yako leta."

Akaleta. Mzee wa miaka hamsini na minane alisukuma soda yake mbele ya yule kijana, bila kinyongo, kama anayetii sheria. Zuhura akaniuliza kwa Kiingereza kama wageni wetu wanagombana. Nikamweleza kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwamba mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya, hata kukucheka msibani kwako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nilikuwa namweleza mtoto, na katikati ya sentensi nikasikia mwenyewe ninachokisema. Nikaweka tonge chini.

"Sefu," nikasema, "kule Sandukuni unamwita nani huyu?"

"Kapteni. Mzee."

"Na hapa?"

"Hapa ni Mnyamwezi tu."

"Kesho hakuna Kapteni mle ndani," nikasema. "Kapteni abaki nje na koti lake. Mle wataingia Mnyamwezi na Mzaramo."

Sefu akamtazama mzee. Mzee alikuwa akiitafuna shingo taratibu, akitazama sahani. Nilijua ninachomwomba: ayaruhusu mahali pa kazi, mbele ya wageni, mambo ya sebuleni na misibani. Utani una mahali pake, na mimi nilikuwa nauhamisha bila kuwauliza wazee wa upande wowote.

"Akinitukana vizuri," Kapteni akasema hatimaye, "nitatoka. Akinitukana vibaya, nitamwangusha makusudi."

Jumatatu Mkuu wa Mafunzo alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni. Mhandisi Mkuu naye akaja, akisingizia kukagua waya. Nikawapa vumbi la sita, na upepo wa ubavuni juu yake. Kapteni akashuka. Nikaona anaanza kusita, mazoea yale yale.

"Vumbi mkiani," ikasema spika. "Vumbi mlangoni. Mnyamwezi, unasubiri nini, umeona mzigo? Shuka! Vumbi kwako. Mti... mti umeliwa. Toka! Toka wewe, toka!"

Sindano za vyombo mezani kwangu zikaruka. Sanduku likanyanyua pua, likapanda moja kwa moja kama lililochomwa na mwiba, vumbi likabaki chini. Nikasikia pumzi ya Mkuu wa Mafunzo ikitoka.

Wakazunguka, wakarudi. Safari hii hakusita hata kidogo.

"Vumbi mkiani. Vumbi mlangoni. Vumbi kwako. Mti nauona, mtumwa wangu. Tua."

Magurudumu yote yakagusa pamoja. Kwenye spika kulikuwa na vicheko viwili.

"Anamwambia nini?" Mkuu wa Mafunzo akaniuliza.

"Anamtukana," akajibu Mhandisi Mkuu kabla yangu. "Matusi safi kabisa. Ya zamani."

Mskoti akafikiri. "Wafundishe wengine," akasema.

Niliwapa mitihani minane mingine siku ile, nikiwabana kwa kila nilichoweza. Wakati wa kutoka mara nne wakatoka, na wakati wa kutua mara nne wakatua. Ndipo nikatia sahihi. Niliandika "wamefaulu" bila neno lolote la kulisindikiza, na chini yake, bila kuombwa, Mkuu wa Mafunzo akaongeza yake.

Miezi mitatu baadaye Sefu alinipigia simu. Walikuwa na madaktari watatu, wakimfuata mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua, kwenye uwanja wa shule ambako ng'ombe walikuwa wameusaga udongo ukawa unga. Mara ya kwanza mti uliliwa, akamfukuza mzee. Mara ya pili vilevile. "Ya tatu tukatua, kaka. Mtoto kazaliwa hospitali. Ila Mnyamwezi kanuna, anasema nilimtukana babu yake mara mbili, na mara moja ingetosha." Niliiweka simu chini, nikaenda kumsimulia Mhandisi Mkuu, naye akaniambia vumbi hiyo ni yake pia, nisijidai peke yangu.

Siwezi kusema watani walipatikana kwa kila kikundi. Kwa wengine tulitafuta njia nyingine, shemeji kwa shemeji, au babu na mjukuu, maana kila watu wana mtu anayeruhusiwa kusema. Kazi yangu ya miaka ya mwisho ilikuwa kumtafuta huyo na kumlaza mlangoni. Siku hizi kuna vyombo vinavyoona kupitia vumbi, na Sanduku letu limeuzwa kama chuma chakavu. Nimefurahi. Lakini nasikia vyombo hivyo navyo huharibika, na ningependa kujua vikiharibika ni nani atasema.

Kapteni Kasanga alifariki mwaka jana kitandani kwake Tabora, mzee wa wajukuu wengi. Sefu alisafiri kutoka Kisarawe kwenda kuzika, na mtu mmoja akanitumia video. Ni kiangazi, udongo mwekundu umerundikwa kando ya kaburi. Sefu, ambaye sasa ana mvi, amevaa ovaroli lake la zamani la kazini, amesimama njiani mikono ameitanua, analizuia jeneza lisipite. "Huyu ni mtumwa wangu," anasema, "haendi popote sijapewa changu." Wafiwa wanacheka huku wanalia, wanamkabidhi jogoo. Anambana kwapani, anasogea kando.

Jeneza linapoanza kushushwa, upepo unapita juu ya lile rundo. Sefu anapiga magoti ukingoni, halafu analala kifudifudi, kichwa kikiwa juu ya shimo.

"Vumbi mkiani," anasema. "Vumbi mlangoni." Kamba zinateremka. "Vumbi kwako, Mnyamwezi." Anainyoosha shingo zaidi shimoni. "Mti nauona. Tua."

Zuhura, ambaye sasa ni mwanamke mzima, alikuwa akiangalia juu ya bega langu sebuleni Thornton Heath. Akaniuliza, kwa Kiswahili, yule bwana amelala pale anasali nini.

Nikamwambia si sala. Ni maneno ya kazi. Niliyaandika mimi, mezani kwangu nyuma ya Southall, siku moja ya mvua.